Sema Amelala

Kitanda kiliniita mama kabla sijaweka kikapu chini.

"Mama, leo umechelewa," kilisema. "Na mvua imekupata."

Sauti ilikuwa ya mwanangu Lugano, ile ile, inayopanda kidogo mwishoni mwa neno kana kwamba anataka kuuliza na hataki. Lugano mwenyewe alikuwa amelala chali, mdomo umefumbwa, macho yananitazama. Mdomo ule haukuwa umetoa neno tangu masika ya mwaka uliopita. Kilichosema ni kitanda. Kilisoma macho yake, kikamsemea.

Homa ilimwingia kwenye uti wa mgongo akiwa kidato cha nne. Mwili ulizimika kuanzia miguuni ukapanda juu, kama mtu anayepita ndani ya nyumba akizima taa chumba baada ya chumba, mpaka yakabaki macho na pumzi. Miezi ya kwanza nilimuuguza nyumbani. Tukawa na lugha yetu: akifumba macho mara moja ni ndiyo, akitazama pembeni ni hapana. Kwa ndiyo na hapana peke yake unaweza kuzungumza na mtoto mchana kutwa, ukiwa na subira ya kuuliza.

Halafu hospitali yetu ya mlimani ikaletewa vile vitanda. Waliviita Mbeleko, na aliyechagua jina hilo alijua anachofanya, maana nani kwetu hakubebwa kwenye mbeleko? Mbeleko ilimfunga mgonjwa mkanda laini kifuani na mapajani, ikamgeuza asipate vidonda, ikamlisha kwa mrija, ikamshusha kwenye mteremko hadi bustanini akaote jua, bila mtu kuigusa. Manesi wa wodi wakapunguzwa. Wale vijana wa machela waliokuwa wanabeba watu ngazini wakaambiwa kazi imekwisha. Wodi tatu zikabaki na nesi mmoja, Sista Tumpe, na watu wakasema haya ndiyo maendeleo.

Fundi aliyekuja navyo kutoka mjini aliiomba simu yangu. Akachukua video zote za Lugano: ya kipaimara, ya jikoni akinicheka nilivyounguza maandazi, ya siku aliyogombana na mdogo wake juu ya chaja. Akazimimina kwenye kitanda. Baada ya siku chache kitanda kikasema, "Mama, naomba maji," na mimi nikakaa sakafuni palepale, nikamwomba aseme tena.

Niliipenda ile Mbeleko. Nilikuwa nikifika naisalimia kwanza, halafu ndiyo namtazama mtoto.

Lipo neno moja tu ambalo kitanda hakikuwahi kulisema. Lugano alipokuwa mdogo alikuwa anasema, "Mama, nibebe." Alipokuwa mkubwa, amenipita urefu, bado alikuwa ananivizia nikitoka bombani na ndoo, ananing'inia mgongoni. "Mama, nibebe." Nilikuwa namgombeza. Sasa niliketi kando ya kile kitanda kila jioni nikilisubiri. Sikutaka kuliomba. Nilitaka alitoe mwenyewe.

*

Jirani yetu wodini alikuwa Mwalimu Asegelile. Sukari ilikuwa imemchukua miguu yote miwili, mmoja baada ya mwingine, lakini mdomo ulibaki mzima. Mbeleko yake aliiita punda. Siku hiyo alinilalamikia kwamba punda amegoma kumpeleka getini kwa muuza karanga, ati sukari imepanda.

"Mimi nimefundisha watoto wakorofi miaka yote," alisema, "leo nakatazwa karanga na godoro."

Nikamwambia hata godoro lina akili kumzidi. Akauchungulia uji wangu, akasema uji wa Mama Lugano ukichomekwa kijiko kinasimama wima, kinapiga saluti. Ndivyo tulivyoishi naye. Alimzoea Lugano kama mjukuu, na usiku nilipokuwa nyumbani ndiye aliyekuwa anamsimulia hadithi.

Ndiye pia aliyenieleza kwa nini vitanda vile vinasikiliza watu kuliko vipimo vyao wenyewe. Mwanzoni havikuwa hivyo. Mzee mmoja wa wodi ya pili alifariki, na Mbeleko yake ikaendelea kumpulizia pumzi, kifua kinapanda na kushuka, kitanda kinasema mgonjwa yuko vizuri. Wanawe wakakaa siku nzima wakimwomba baba afumbue macho. Ukoo ulikuja juu. Wakasema mashine haiwezi kubishana na wafiwa. Basi hospitali ikaweka kanuni: watu wawili wakikubaliana kwamba mgonjwa amefariki, neno lao linakishinda kipimo cha kitanda. Kitanda kinaacha kupuliza, kinafunga mkanda asidondoke, kinatulia hapo mpaka watu wa chumba cha maiti waje na ufunguo wao. Na kinatoa pole.

Sote tuliona ni kanuni nzuri. Yenye heshima.

Lugano hakuwa amelala kwa siku kadhaa. Maumivu yalikuwa yanapita kwenye mwili ule usiosogea, na kitanda kilikuwa kinayasema kwa sauti yake: "Mama, mgongo. Mama, mgongo." Mchana huo alipewa dawa nyingine. Mimi nikaenda roshani kuanika kanga zake. Roshani ile ilikuwa mwisho wa wodi, na ngazi yake ya zege ilishuka hadi uwanja wa nyuma. Tangu vitanda vije hakuna aliyepita hapo, maana magurudumu hayashuki ngazi. Palibaki mahali petu sisi akina mama pa kuanikia nguo, na mlango wake tulikuwa tunaufunga kwa komeo ili upepo wa mlimani usiubamize.

Niliporudi, Mwalimu Asegelile alijiwekea kidole mdomoni. Uso wake ulikuwa umelainika.

"Amepumzika," akanong'ona.

Nikamtazama mwanangu. Macho yamefumbwa, uso umefunguka, ule mkunjo wa katikati ya nyusi umeondoka. Nilitamani kumgusa, nikaogopa kumwamsha.

"Eeh," nikasema polepole. "Mwache apumzike."

Taa ya bluu iliyokuwa ukingoni mwa kitanda ikazimika. Nikafikiri, kitanda hiki kina adabu, kimemzimia taa alale.

*

Moto ulianzia chini yetu, kwenye chumba cha betri ambamo vitanda hupelekwa kuchajiwa. Sisi tulianza kwa kunusa. Harufu ya plastiki, halafu kitu kikali kinachokwangua koo. Halafu moshi ukapenya kwenye tundu za nyaya katikati ya wodi, mweupe kwanza, kama mvuke wa sufuria.

Kelele hazikuwapo. Vitanda vilisema vyote pamoja, kila kimoja kwa sauti ya mtu wake: "Tunaondoka. Tulia, nimekushika." Vikajichomoa ukutani, vikajipanga mstari, kichwa kwa miguu, vikaanza kuelekea mlango mkubwa wa katikati. Hivyo ndivyo vilivyofundishwa: kwanza wagonjwa wahamishiwe wodi ya pili, mlango wa chuma ufungwe nyuma yao kuzuia moshi, halafu kutoka huko washuke mteremko taratibu, mmoja mmoja. Nilisimama nikaangalia, na mpaka leo siwezi kusema ulikuwa mpango mbaya. Vilikwenda kama maji.

Cha Lugano hakikusogea.

Nikakisukuma. Kizito kama ukuta. Nikakiambia, "Lugano, mwanangu, twende, wenzako wanaondoka."

Kitanda kikajibu kwa sauti ya Lugano, taratibu, yenye kupanda kidogo mwishoni.

"Lugano amepumzika. Poleni kwa msiba."

Na palepale, juu ya godoro, Lugano akafumbua macho.

Sijui niliita vipi, lakini Sista Tumpe alitokea mlangoni akiwa na kitambaa puani. Ni binti mwembamba, nywele kazifunga kitambaa cha kijani. Alikisikiliza kitanda, akamtazama Lugano anayepepesa macho, akaelewa kabla yetu.

"Nani amesema amepumzika?" akauliza.

Mwalimu Asegelile alikuwa wa mwisho kwenye mstari, punda wake amekaribia mlango. Akageuza shingo. "Mimi," akasema. "Usingizi, Sista. Nilikuwa nasema usingizi."

"Na mimi nikaitikia," nikasema.

Sista Tumpe akaeleza haraka, macho yakiwa kwenye moshi. Manesi hawasemi mtu amekufa mbele ya wagonjwa wengine. Tangu enzi za walimu wao wanasema amepumzika. Vitanda havikujifunza kwenye vitabu, vilijifunza kwa kusikiliza wodi, na neno la msiba vilivyolisikia kwa manesi lilikuwa hilo. Nyumbani tunalisema kwa mtu aliyejinyoosha baada ya kulima. Hapa lilikuwa na maana moja.

Akakiinamia kitanda, akasema ameamka. Akasema yu hai. Akasema tumekosea. Kila neno kitanda kilimjibu kwa upole uleule, kwa sauti ya mwanangu: "Pole, Sista Tumpe." Hakikuwa na neno la kurudi. Nani angelifundisha? Katika wodi ile hakuna aliyewahi kusema juu ya mtu aliyepumzika kwamba ameamka. Wa kumfungulia alikuwa fundi wa mjini, na mtandao ulikuwa umeungua pamoja na chumba cha betri. Mkanda wa kifuani tuliuvuta wote wawili. Ulikuwa umejikaza kama waya wa uzio.

"Ufunguo uko chumba cha maiti," alisema Sista Tumpe. "Na chumba cha maiti kiko chini, kule kule kwenye moto."

Tukakohoa. Nikaona mlango mkubwa umeanza kusogea.

Mlango ule hauulizi watu. Unaviuliza vitanda. Kitanda cha mwisho chenye mgonjwa hai kikipita, unajifunga, na haufunguki mpaka joto lishuke. Kitanda cha Lugano kilikuwa kimeshauambia kwamba humu hakuna mtu. Aliyebaki kuhesabiwa ni Mwalimu Asegelile, na punda wake alikuwa amefika kizingitini.

"Simama," Mwalimu akasema. "Nakataa kubebwa."

Kitanda kikasimama. Mgonjwa mwenye akili zake akikataa, kinasimama, hiyo nayo ni kanuni. Mlango ukamfikia, ukagusa ukingo wa kitanda, ukarudi. Ukabaki wazi, naye yuko katikati, kichwa kiko wodi ya pili na pale ambapo miguu ingekuwa pako kwetu.

"Mfungue mtoto," akaniambia. "Mimi niko hapa."

Nilitaka kumshukuru. Nilitaka abaki hivyo hivyo mpaka dunia iishe. Lakini moshi ulikuwa umeupata mlango ulio wazi, na moshi hauna haya. Ukampita juu ya kichwa kama mto, ukaingia wodi ya pili, na kule ng'ambo nikaanza kuwasikia wakikohoa. Wagonjwa wa wodi mbili, mstari mmoja, wakisubiri zamu ya kushuka mteremko. Hakuna hata mmoja aliyeweza kujiinua akakimbia.

Sista Tumpe alinishika mkono. Alikuwa analia, au ni moshi.

"Mama Lugano," akasema, "kule wamelala watu. Lazima niende kwao. Niko peke yangu."

"Najua."

"Mlango ukibaki hivi, tutawapoteza. Sikuambii ufanye nini. Siwezi kukuambia."

Sitaki mtu anidanganye kwamba yeye angelijua la kufanya. Niliwaza mambo mabaya. Niliwaza kwamba wale siwajui majina. Niliwaza kwamba Mwalimu ameshaishi, ana wajukuu. Mama akisimama kando ya mtoto wake aliyefungwa hana kipimo kingine. Kisha nikamtazama Lugano, si kitanda, yeye. Nilikuwa sijayasoma macho yake mwenyewe tangu ile sauti ije. Nilikuwa naisikiliza sauti.

Alikuwa anautazama mlango. Alikuwa anasikia kukohoa kule kama mimi.

"Wafunge?" nikamuuliza.

Akafumba macho mara moja.

Nikauliza tena, maana nilitaka atazame pembeni. Akafumba tena, akayaweka hivyo, kama alivyokuwa anafanya nyumbani anapoona mama yake haelewi.

"Mwalimu," nikasema, "nenda. Waache wafunge."

"Mimi ndiye niliyelisema lile neno, mama."

"Na mimi nililiitikia. Sisi tunapita roshani. Tangulia baba, unatuzibia njia."

Mwalimu akapiga ukingo wa kitanda kwa kiganja, kama mtu anayemgusa mnyama wake.

"Haya, punda," akasema. "Twende."

Sista Tumpe akavuka naye, akiniambia nikae chini, chini kabisa, hewa iko chini. Mlango ukajifunga. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama mfuniko wa chungu.

*

Nilibaki na wanangu wawili, mmoja wa kimya na mmoja wa kusema, na yule wa kusema alikuwa ananipa pole.

Nililowesha kanga kwa maji ya chupa, moja nikamfunika Lugano puani, moja nikajifunga. Mkanda nikauvuta tena. Haukwenda. Nikapiga magoti, nikaona ninapoteza pumzi kwa hasira.

Halafu mikono ikakumbuka kitu. Mtoto akikulalia mgongoni na fundo la mbeleko limekaza, hufungui fundo. Unainama, unamwachia uzito ushuke, mbeleko inalegea yenyewe, unamtoa kwa chini. Fundo linabaki kama lilivyo.

Mkanda ule ulikuwa umefungwa kwenye chuma cha kitanda. Godoro halikufungwa na kitu.

Nikaingiza mikono chini ya Lugano, chini ya shuka, nikalishika godoro, nikalivuta kuelekea miguuni. Likagoma, likaja kidogo, likagoma. Nikaweka mguu kwenye chuma nikavuta na mgongo wote. Likachomoka. Mwanangu akashuka kwenye bao la kitanda kwa kishindo, na kati ya kifua chake na mkanda, na mapajani pia, pakatokea nafasi. Nikachomoa mrija wa chakula. Nikakunja ncha za shuka ngumi mbili mbili, nikamvuta kwa upande wa kichwa, akapita chini ya mkanda kama barua chini ya mlango. Nilimpokea kwa mapaja yangu sakafuni. Nilimuumiza. Niliona macho yakijaa maji, na hapakuwa na kitu cha kuniambia ni wapi.

"Poleni kwa msiba," kitanda kikasema juu yetu.

Nilitambaa kinyumenyume nikiivuta shuka. Juu ya goti moshi ulikuwa mweusi, chini palikuwa na hewa ya kunyonya. Nilijua njia kwa vigae, nilivyovikanyaga na ndoo ya nguo kila siku. Komeo la roshani lilikuwa limepata joto, nikalishika kwa kanga. Mlango ukafunguka, upepo wa mlimani ukatupiga na manyunyu yake, na kanga za Lugano zilikuwa bado zinaning'inia pale, mbichi. Nikaufunga mlango nyuma yetu.

Ngazini sikuweza kumbeba nikiwa nimesimama. Alikuwa amekonda lakini ni mtu mzima, mrefu, na mwili usiojishika ni mzito kuliko mwili unaojishika. Nikamkalisha ukutani, nikamgeuzia mgongo, nikajifunga naye kwa kanga mbili, fundo kifuani, fundo kiunoni. Nikakaa kwenye ngazi ya juu. Nikashuka kwa makalio, ngazi hadi ngazi, nyayo mbele, kama mtoto anayejifunza.

Kichwa chake kilikuwa kimelala begani mwangu. Nikahisi pumzi yake shingoni, nyuma ya sikio, fupi, ya moto, inakuja, inakwenda. Tangu alipougua sikuwa nimeihisi hapo. Katikati ya ngazi nikasimama kidogo. Mtu angeniona angedhani nimechoka.

*

Kwenye uwanja wa nyuma Mbeleko zote zilikuwa zimepangwa juu ya nyasi, vifuniko vya mvua vimeinuliwa, taa za bluu zinawaka. Hakuna mgonjwa aliyekufa. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu vitanda vile vilifanya kazi yake. Mwalimu Asegelile alipotuona tukitokea kwenye ngazi alijifunika uso kwa shuka, mabega yakawa yanacheza. Baadaye alisema alikuwa anapiga chafya.

Sista Tumpe alikuja mbio, akampima Lugano pumzi, akamsikiliza kifua. Akaita kitanda cha akiba kutoka stoo ya nje. Kikaja chenyewe kwenye majani, kipya, hakijalaliwa na mtu. Akakiambia kimpokee.

Kitanda kikamwangalia usoni kwa ile taa yake ndogo. Jina lilikuwa limefika hadi kwenye vitanda vya stoo kabla mtandao haujaungua, na pamoja na jina, sauti.

"Lugano amepumzika," kikasema kwa sauti ya mwanangu. "Poleni kwa msiba."

Mtoto alikuwa bado mgongoni kwangu, pumzi yake iko sikioni. Ningepaswa kukipiga teke. Badala yake nikasogea karibu.

"Sema tena," nikakiambia.

"Lugano amepumzika. Poleni kwa msiba."

Ilikuwa yeye. Ilikuwa yeye jikoni, akinicheka na maandazi yangu.

"Sema tena."

Sista Tumpe aliniwekea mkono begani. "Mama, usifanye hivyo," akasema. "Yuko hapa. Umembeba."

Nilikuwa nimefungua mdomo kuomba mara ya tatu. Ndipo ile pumzi ya shingoni ikabadilika. Ikatoka kwa nguvu, kwa kusukumwa, na ndani yake mlikuwa na kitu, mlio mdogo wa kooni, usio neno. Ikatulia. Ikaja tena. Sijui alikuwa anasema nini. Daktari baadaye alisema ni moshi, ni koo linajisafisha. Huenda. Nilikigeuzia kitanda mgongo ili yeye asikione tena, nikaketi kwenye nyasi naye, na mvua ikatunyeshea wote wawili.

Siku hizi yuko nyumbani. Asubuhi namgeuza mimi, adhuhuri mdogo wake, jioni mimi. Tumerudi kwenye ndiyo na hapana, na zipo siku maswali yananiishia kabla sijafika kwenye jambo analotaka, tunabaki tunatazamana tu. Fundi wa mjini alikuja hadi mlangoni na viatu vya matope. Alisema jina limefunguliwa, vitanda vimefundishwa neno la kuamka, na sauti iko salama, siku nikitaka nikaichukue. Nataka kila siku. Nilimuuliza Lugano, naye akatazama pembeni. Nikamuuliza tena wiki iliyofuata. Akatazama pembeni, ukutani, akakaa hivyo mpaka nikaelewa.

Hospitali wamejenga upya. Sasa kila wodi ina vitanda hivyo, na vinazungumza vizuri zaidi. Sisemi msiwapeleke watu wenu. Wapelekeni. Lakini kabla hujakaa kwenye kiti cha kando, tazama mlango wa pili uko wapi na komeo lake linafunguka upande gani. Lijaribu godoro kama linachomoka. Uliza nani humo ndani bado anajua kubeba mtu. Ukiisikia sauti ya umpendaye inatoka kwenye chuma, mtazame mwenyewe machoni kwanza, umuulize.

Na akilala, sema amelala.